Hakuwahi Kumpenda

Mwalimu Elikana alifundisha Kiingereza miaka thelathini na minne katika shule za Kilosa, na kama kuna kitu alichokipenda kuliko chaki, basi ni zile riwaya nene za Wazungu wa zamani. Alizianza akiwa mwanafunzi wa misheni kule milimani. Alipostaafu na kutulia Kimamba, zikawa zinamfikia kutoka Mikumi, ambako binti yake Magreti alifanya usafi kwenye hoteli ya watalii. Kitabu kilichosahauliwa na mgeni, kisipoulizwa mapokezi, kiliishia kwa baba.

Mkewe, Debora, hakujua Kiingereza zaidi ya salamu. Alikuwa mtu wa Lumuma, na jembe lake ndilo lililowasomesha watoto kila mshahara ulipochelewa. Jioni yeye alipukuchua mahindi upande huu wa chumba, mume upande ule kainamia kitabu, na usiombe umkatize. Walipofiwa na mtoto wa pili kwa surua, Mwalimu hakudondosha chozi. Alisimamia maziko, akapokea pole, akarudi kazini. Miezi mitatu baadaye Debora alimkuta analia kwa kwikwi. Alipouliza kuna nini, akaambiwa kuna msichana kwenye hadithi amekufa kwa kifua kikuu. Debora alirudi jikoni kutazama maharage, na jambo hilo hakulitaja tena.

Mwaka juzi kiharusi kilimlaza Debora, upande mzima wa kulia ukafa ganzi. Mwalimu, ambaye hakujua kupika wala kubembeleza, akaleta alichokuwa nacho. Kila mchana, akishamlisha uji, alivuta kigoda kando ya kitanda akamsomea riwaya, macho kwenye Kiingereza, mdomo kwenye Kiswahili. Debora akazipenda. Aliuliza watu hao wanalima saa ngapi, akacheka jinsi wanavyoandikiana barua ilhali ni majirani. Mwalimu alikuwa na furaha ambayo hakuitegemea uzeeni, na ilimuuma kwamba hawakuanza mapema.

Riwaya ya mwisho ilihusu mke wa tajiri mmoja aliyechoshwa na ndoa yake. Siku hiyo walifika pale anapoukiri ukweli moyoni. Mwalimu akatafsiri polepole, neno kwa neno: "Alikaa naye miaka yote ile, wakapata watoto, lakini hakuwahi kumpenda."

Debora akasema kwa ule mdomo wake uliopinda, "Kama wewe, Mwalimu."

Mwalimu akamuuliza kama yeye vipi.

"Kama huyo mume. Mimi nilijua zamani. Sikukulaumu."

Jamani, mtu mwingine angekitupa kitabu chini. Maana Elikana alimpenda mwanamke yule, alimpenda toka siku alipokwenda kwao kumposa, ila hakuwahi kulisema kwa sababu alidhani linajulikana. Lakini aliyewahi kujibu hakuwa mume, alikuwa mwalimu. Akainua kidole.

"Hapana, umeelewa vibaya. Si mume asiyempenda mke. Ni mke ndiye hampendi mume. Kiswahili chetu hakitofautishi mume na mke, ila kwenye Kiingereza iko wazi kabisa."

Debora akavuta shuka kwa mkono wa kushoto.

"Haya, Mwalimu. Endelea."

Naye akaendelea, akamaliza sura nzima. Aliposhtukia alichoambiwa na alichojibu, mkewe alikuwa amelala. Akapanga kumweleza kesho yake wakati wa uji, ajipe nafasi ya kutafuta maneno yake mwenyewe, yasiyotoka kitabuni. Alfajiri kiharusi cha pili kikamchukulia Debora usemi na fahamu.

Hospitalini muuguzi alimshauri azungumze naye tu, huenda anasikia. Mwalimu akamwita Debora, jina ambalo hakulitumia tangu Magreti azaliwe, akamwambia alimpenda na bado anampenda. Akarudia kwa lugha ya kwao. Macho ya mkewe yalibaki darini. Alirudia siku tatu, na siku ya tatu Debora akafa.

Msibani dada wa marehemu, Yudith, aliuliza kama ilivyo kawaida yetu kuuliza: ndugu yake aliaga kwa neno gani? Kina mama waliokaa mkekani wakanyamaza wasikie.

"Alisema niendelee," Mwalimu akajibu. "Nilikuwa namsomea."

Kina mama wakaguna kwa huruma. Mmoja akawageukia wake vijana akawaambia hiyo ndiyo ndoa, wajifunze. Magreti, macho yamemvimba, akamshika baba yake mkono.

"Mama ameondoka akijua anapendwa," akasema.

Mwalimu akamtazama mwanawe, akainamisha kichwa, na hakumsahihisha.