Kodi ya Ndege ya Ukutani

Wifi yangu Tafida hajawahi kupanda ndege. Nalisema mapema kwa sababu ofisi ya kodi iliandika kwamba amepanda, tena ikamtoza kwa hilo, na mimi niliyemfungia mzigo wake wa safari kwa mikono yangu siwezi kunyamaza.

Alikwenda Makka kwa basi hadi bandari ya Safaga, na kutoka hapo kwa meli, akitapika njia nzima. Nauli aliipata kwa upatu wa akina mama wa sokoni, aliokuwa akiucheza tangu kaka yangu, mumewe, alipofariki. Zamu yake ilipofika hakununua bangili wala friji. "Zanuba," aliniambia, "friji litanifuata kaburini?" Akaenda, akarudi na dumu la Zamzam na kikohozi cha wiki nzima.

Hapa kwetu Kom Zurika, kusini mwa Misri, mtu akienda hija, ukuta wa nyumba yake huchorwa kabla hajarudi, ili akifika tu aone mtaa ulikuwa ukimngoja. Kazi hiyo ni ya Fundi Shazli. Shazli anajua kuchora Al-Kaaba, mtende, simba mwenye upanga, na ndege. Meli hajui. Akijaribu meli inatoka kiatu. Kwa hiyo kila aliyehiji katika mji huu, hata kama alikwenda kwa kubebwa kwenye lori la vitunguu, ukutani amepanda ndege. Hakuna aliyewahi kudanganyika. Mtoto anayenyonya anajua kwamba ile ndege ni heshima, si tiketi.

Ustadh Hazim hakujua. Yeye ni wa Dumyat, kule pwani, ambako hawachori kuta, na alikuwa ameletwa kwetu na ofisi ya kodi akiwa na suruali iliyopigwa pasi hadi inakata. Alikuja siku ya vumbi, tukiwa tunashusha mkate kutoka darini.

Niseme kidogo kuhusu mkate, maana ndio maisha ya Tafida. Unga unakandwa alfajiri, unakatwa, kila donge linakaa juu ya kigae chake cha udongo, vigae vinapandishwa darini, na jua ndilo linaloumua. Likikasirika jua, hakuna mkate. Tafida ana tanuri alilolifinyanga mwenyewe, na kichwa kigumu kuliko hilo tanuri. Miaka yote tuliyoishi naye, mimi juu na yeye chini, sijawahi kumshinda kwa neno. Nilipomwambia siku ya harusi yake kwamba kaka yangu hali bamia, alimpikia bamia hadi akazipenda.

Basi Hazim akanywa chai, akauliza, "Unauza mikate mingapi kwa siku, Hajati?"

"Muulize jua, mwanangu. Mimi na wewe hatujui."

Akacheka. Kisha akatoka nje akasimama mbele ya ukuta muda mrefu, akainua kichwa kutazama ile ndege yenye madirisha mekundu na bendera mkiani, akaandika. Hakuuliza swali. Angeuliza, hata kuku wangu wangemjibu.

Barua ikaja. Kwa kuwa Tafida hakurudisha fomu ya kodi, ofisi ilikuwa imemkadiria mapato yenyewe, na sababu ya kwanza iliyotajwa ilikuwa "safari ya hija kwa ndege". Kiasi walichotaka kingemmaliza. Alipewa hadi mwisho wa mwezi alete fomu, la sivyo tanuri lingefungwa na kutiwa lakiri nyekundu ya serikali mlangoni. Tulikaa kwenye baraza, fomu mapajani mwake, nene kama mto wa mgonjwa.

Tafida anajua kusoma. Anasoma Kurani polepole, kidole kikitangulia. Alisoma ukurasa wa kwanza wa fomu, akarudia, akaniangalia. "Zanuba, hiki ni Kiarabu?"

"Ni Kiarabu."

"Mbona hakina mama wala baba?"

Mjini kwetu mwenye fomu hiyo humpelekea Fikri. Fikri ana kiti chake katika mkahawa unaotazamana na ofisi ya kodi, ana mhuri, ana kalamu tatu mfukoni, na kila anachokuandikia hukuonyesha mahali pa kutia kidole tu. Vinyozi, wauza mboga, wenye mikokoteni, wote humlipa yeye kwanza na serikali baadaye. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ameshona Fikri. Alikuja mwenyewe nyumbani, maana habari za barua zilikuwa zimemfikia kabla yetu.

"Hajati, rahisi kabisa," alisema. "Kwanza mwite Shazli apake chokaa ukuta wote. Hakuna hija, hakuna ndege. Pili, mimi nitaandika kwamba wewe huuzi, unawapikia watoto wako."

"Nikane hija yangu?"

"Ukutani tu. Mungu anajua ulienda."

"Na pale chini pameandikwa nini?" Tafida alifunua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole. "Nisomee, Fikri, macho yangu mazito."

Fikri alikohoa. "Ah, hayo ni maneno ya kawaida."

Nikasoma mimi, kwa sauti, na mlangoni majirani walikuwa wameshajaa: "Naapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba yote niliyoandika humu ni kweli."

"Haya," alisema Tafida. "Nimeshika pazia la Nyumba ya Mungu kwa mkono huu. Sasa nije niutumie mkono huu huu kuapa juu ya jambo nisilolielewa, limeandikwa na wewe, nalo ni la uongo? Toka nyumbani kwangu, Fikri, kabla unga haujaumuka kwa hasira."

"Utafungiwa tanuri!"

"Watalifunga likiwa la moto. Wajihadhari na vidole."

Nakiri nilimwogopea. Usiku nilimwambia wifi, chokaa ni chokaa, mvua yenyewe ingeufuta ule ukuta kama mvua ingekuwa inanyesha huku. Akaniambia, "Wewe lala." Asubuhi akajifunga shuka yake nyeusi, akatia mikate kwenye kapu, akanishika mkono, tukaenda ofisini.

Foleni ilifika barabarani. Tafida alisubiri zamu yake, akafika dirishani kwa Hazim, akaweka fomu. "Nisomee, ustadh."

"Hajati, mimi si mwalimu. Kuna wanaojaza."

"Wanaojaza hawaapi. Anayeapa ni mimi. Swali la kwanza."

"Watu wanasubiri nyuma yako."

Tafida akageuka. "Mnasubiri?"

"Tunasubiri!" wakajibu, na akaanza kuwagawia mikate. Nani angemwondoa dirishani huku anatafuna mkate wake? Muuza mboga mmoja alipaza sauti, "Msomee, ustadh, na sisi tusikie tunacholipia!"

Hazim akasoma. Akasoma kuhusu uchakavu wa mali za kudumu, na Tafida akauliza kama tanuri ni mali ya kudumu, maana kila mwaka hulikanda upya kwa matope. Akasoma kuhusu hisa katika makampuni ya nje, na foleni nzima ikaangua kicheko. Akasoma kuhusu tofauti za fedha za kigeni, na mzee mmoja akauliza kama riali aliyorudi nayo Tafida kutoka Makka inahesabiwa. Kila swali Tafida alimuuliza, "Hili ni langu?" naye, kwa shida, akijibu, "Hapana, hili si lako." Kurasa zikapinduliwa. Jasho likamtoka Hazim hadi kola ikalala. Na alipofika mwisho, yaliyokuwa ya Tafida, na ya kila mtu pale mstarini, yalikuwa maswali manne.

"Manne tu?" Tafida alikuwa haamini. "Kwa hayo tu nifungiwe tanuri?"

Akayajibu yote pale pale, akatia saini jina lake kamili, akaapa huku akijua anachoapia. Lakini Hazim, akiepuka macho yake, akasema makadirio yale ya kwanza yatabaki hadi wakubwa waamue, kwa sababu kuna ushahidi wa ndege, na asipoyalipa kufikia mwisho wa mwezi tanuri litafungwa vilevile. Nilifungua kinywa kusema meli, Tafida akanikanyaga mguu.

"Sawa. Basi niandikie hayo manne kwenye kipande cha karatasi, niwapelekee watu."

"Sina ruhusa. Fomu ni fomu, haipunguzwi."

"Wewe huna. Mimi ninayo."

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Shazli, akamtoa kwenye kivuli chake kwa mkia wa kanzu. Jioni ile, chini ya ndege, kati ya simba na mtende, Shazli alipaka kwa rangi ya samawati, herufi kubwa kama za msikitini:

"Mwaka huu umeuza nini, ukapata kiasi gani? Umetumia nini ili uuze: unga, kuni, pango, punda? Umemwajiri nani, unamlipa ngapi? Una pato lingine, nyumba au shamba? Toa ulichotumia kwenye ulichopata. Kilichobaki ndicho cha kodi. Ukishajua, ndipo uape."

Watu wakaja. Mwanzoni majirani, kisha wa sokoni, kisha wa vijiji vya ng'ambo waliovuka mto na fomu zao zimeviringishwa kwenye vilemba. Walikaa kwenye baraza letu wakisoma ukuta, wakibishana kama majani ya punda ni gharama au ni sadaka. Aliyejua kuandika alimwandikia asiyejua, bure, maana sasa alijua anaandika nini. Tafida aliwauzia mikate na kuniambia niiongeze hiyo kwenye swali la kwanza.

Kiti cha Fikri kikapoa. Mtu hapigi kelele akiwa ameshiba. Fikri alipiga kelele hadi kwa wakubwa, na amri ikatoka: yafutwe maandishi yoyote ukutani kwa Hajati Tafida yasiyo ya kweli na yanayopotosha wananchi. Aliyetumwa kuitekeleza ni Hazim. Fikri alimfuata nyuma na ndoo ya chokaa, anacheka peke yake.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Lakiri ilikuwa mfukoni mwa Hazim, nikaiona kwa macho yangu. Mtaa mzima ulisimama nje.

"Shazli, futa," alisema Hazim.

"Ukuta wenye Al-Kaaba?" Shazli akakunja mikono. "Ustadh, mimi nina watoto. Futa wewe."

Hazim akamtazama Fikri. Fikri akaweka ndoo chini taratibu. Ukuta wa mama yake mwenyewe una Al-Kaaba, na mama yake alikuwa pale, amesimama mbele kabisa na fimbo.

"Amri inasema nini, ustadh?" Tafida aliuliza. "Isome, umeshazoea kunisomea."

Akaisoma. "Maandishi yasiyo ya kweli na yanayopotosha."

"Vizuri. Tukague pamoja." Akachukua fimbo ya mama yake Fikri, akagusa swali la kwanza. "Hili ni uongo?"

Hazim alitikisa kichwa. "Hapana."

"Hili?"

"Hapana, Hajati."

Akapita swali kwa swali, na kila mara mtaa ulirudia pamoja na Hazim, "Hapana!" Alipomaliza akainua fimbo juu, akaigusa ndege kwenye madirisha yake mekundu.

"Na hii?"

Hazim akawatazama watu, nao wakamtazama. Nikamsaidia, sikuweza kujizuia. "Mwanangu, huyu alikwenda kwa meli. Alitapika hadi Jidda. Uliza mtu yeyote hapa kama kuna aliyepanda ndege. Shazli hajui kuchora meli!"

"Ni kweli," alisema Shazli kwa uchungu. "Sijui."

Mtaa ukacheka, na Hazim akawa mwekundu hadi masikioni. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo sana.

"Basi uongo ni mmoja tu kwenye ukuta huu," alisema Tafida, "nao ni huo. Umepotosha mwananchi mmoja, naye ni wewe. Amri yako ni halali, ustadh, mimi siipingi. Tekeleza." Akachovya brashi kwenye ndoo ya Fikri, akampa, na Shazli akaleta ngazi yake bila kuombwa.

Angefanya nini? Alivua koti, akapanda na ile suruali yake, akaifuta ndege kuanzia mkiani. Chokaa ilimdondokea viatuni. Aliposhuka palikuwa na doa jeupe kubwa juu ya maswali, na Tafida alikuwa anamngoja chini ya ngazi, mkono umenyooka.

"Ndege umeiondoa kwa mkono wako, mbele ya watu wote hawa. Sasa nenda ukaiondoe na kwenye karatasi yako. Nami sitoi pauni hata moja ya ndege. Ya mkate nitalipa leo leo, nimeshaihesabu."

Hazim alitazama ukuta muda mrefu, kama ile siku ya kwanza. Kisha akatoa lakiri mfukoni, akaitupa ndani ya ndoo ya Fikri, akaomba mkate.

Ya ndege haikudaiwa tena. Kodi ya mkate Tafida aliilipa, na risiti ameitundika juu ya tanuri. Shazli ameomba mara nyingi ajaze lile doa, anadai amejifunza meli. Tafida hataki. Wageni wanaokuja kusoma ukuta huuliza mbona juu pamebaki peupe, na yeye hujibu bila kuacha kukanda: "Hapo? Hapo ndipo serikali iliposhuka kwenye ndege."