Mama yangu anakunywa chai ya damu ya dada yake

Admin, nifiche jina tafadhali, na nilipoandika jina la shule ufute. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, mtu wa aibu sana, hata darasani nikijua jibu sinyanyui mkono. Nimekulia Tanzania, shule nikaanza kwa Kiswahili. Tuliporudi Burundi nikaanza upya kwa Kifaransa. Mama anaishi Gasorwe, kule Muyinga, analima. Mimi nilichukuliwa na dada yake mkubwa nikae kwake hapa Gitega, nisome. Nawaandikia nikiwa jikoni kwake, yeye yuko sebuleni na wateja wake wa chai.

Mama mkubwa si mtu mbaya, naomba mnielewe. Ada, sare, hata pedi zangu, vyote ni yeye. Tangu mwaka jana anauza chai za majani ambazo kila mtu anachagua kwa kundi lake la damu. Kundi A wana chai ya kijani, B mchaichai, O tangawizi na majani mengine ambayo mimi najua harufu yake tu. Anaamini kabisa, hata yeye mwenyewe anakunywa. Yeye ni O, alipimwa alipojifungua. Mama yangu hajawahi kupimwa kundi popote, ila ana presha ya siku nyingi na alikuwa anameza vidonge vya kituo cha afya kila asubuhi. Mama mkubwa akamtumia chai ya O. Nilipouliza kwa nini O, akanijibu, "Tumetoka tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Damu itakuwaje mbili?" Kisha akampigia mama simu akamwambia vidonge vinapigana na chai, aviache.

Lakini darasani tulishasoma kwamba ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na makundi tofauti. Na pakiti yenyewe imeandikwa kwa Kifaransa, herufi ndogo chini, kwamba chai hii haichukui nafasi ya dawa za daktari. Siku moja nikajikaza nikamsomea huo mstari. Wateja walikuwepo. Akawageukia anacheka: "Muone docteur wetu. Kusalimia watu anaogopa, leo iko anatufundisha damu." Wakacheka wote, mmoja akanyoosha mkono eti nimpime na yeye. Nilikusanya vikombe nikaenda kuosha, hata vile ambavyo havikuwa vimetumika.

Likizo iliyopita nikaenda Gasorwe. Mama alikuja kunipokea barabarani, akanikumbatia kwa mkono mmoja. Nyumbani nikaona anamimina chai kwa mkono wa kulia, wa kushoto kauficha ndani ya kitenge. Jirani ndiye aliyeniambia kwamba mama alianguka akitoka sokoni, wakambeba mpaka nyumbani, na tangu hapo ule mkono haushiki vizuri. Mama mkubwa alipoelezwa kwa simu alisema ni chai inasafisha mwili, avumilie. Na vidonge vilivyobaki mama alishampa huyo huyo jirani, maana naye ana presha, ili visiharibike bure.

Nilimwambia mama kila kitu, nalia, nachanganya Kiswahili na Kirundi. Nikamsihi twende kituo cha afya. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema polepole, "Mwanangu, mimi si mjinga. Hiyo chai hainisaidii, najua. Lakini nikiikataa nimemkataa dada yangu, na wewe utarudi hapa kushika jembe."

Jamani, hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika. Kumbe mama anakunywa kwa ajili yangu. Sasa hivi nikikaa darasani sioni ubao, naona ule mkono kwenye kitenge.

Najua mtasema ameze vidonge kwa siri. Nilimwambia hivyo. Akasema dada yake anampigia kila Jumapili baada ya kanisa, anamuuliza kwa jina la Mungu kama kweli ameacha, na yeye kwa jina la Mungu hawezi kudanganya.

Leo mama mkubwa amenipa pakiti mpya nimpelekee Jumamosi. Ameweka na kitenge kizuri, akaniambia, "Umwambie mdogo wangu namuombea kila siku." Na ni kweli anamuombea, huwa namsikia. Nikimpinga tena narudi kulima, na mama ataona amenikosesha shule. Nikinyamaza, ni mimi kwa mikono yangu ninayempelekea mama sababu nyingine ya kuacha dawa. Baba hayupo, na mdomo wangu ndio huo, mbele ya watu haufunguki. Nishaurini ndugu zangu, bila matusi kwa mama mkubwa. Hiyo Jumamosi nimfikie mama na nini mkononi?