Herufi Zilizojifanya za Mkono

Mniwie radhi kwa mwandiko wangu na makosa ya maandishi. Niliishia darasa la saba, na huandika polepole kama mtu anayevuka matope. Lakini wiki iliyopita nilipita mlangoni pa duka la kuchapa, nikanusa karatasi za moto zikitoka mashineni, na hasira ya miaka mingi ikanipanda.

Siku zile vyama vingi vilipoanza, nilipokuwa mdogo, sisi wa mji mdogo wa Konde tulimtegemea Bi Riziki kwa kuchapa. Kompyuta yake ilikuwa na herufi za kila aina, lakini yeye alipenda aina moja tu: zile za mviringo, zilizolegea, kama zimeandikwa kwa kalamu na mtu mwenye furaha. Kadi za harusi, hizo. Ratiba za mpira, hizo. Matangazo ya vyama vilivyokuwa vikitukanana yalitabasamu ukutani sawasawa. Hata tangazo la msiba ungedhani unaitwa kula pilau!

Mama alikuwa akiomba meza sokoni ya kuuzia mikate. Ofisi ya soko ilitaka barua za kuchapwa tu, mwisho Alhamisi adhuhuri. Alhamisi asubuhi tukaichukua barua kwa Bi Riziki, tukaipeleka. Karani hata hakuisoma.

"Bibie, za mkono hatupokei. Kachapishe."

"Imechapwa, mwanangu. Natoka kwa Bi Riziki sasa hivi."

"Hii kaandika huyu mtoto wako," akasema, akinicheka.

Mama alijua kusoma herufi za Kiarabu tu, kwa hiyo akanigeukia mimi. Nami nilikuwa nimeshaona: kila "a" kwenye karatasi ile ilikuwa sawa na mwenzake, mkia uleule, tumbo lilelile. Mkono gani wa mtu unaweza hivyo? Wangu hautoi mbili zinazofanana. Ilitosha nionyeshe kwa kidole. Nikatazama ndara zangu.

Tukarudi kwa Bi Riziki, mama akamwomba aina nyingine ya herufi. Bi Riziki akaja juu.

"Herufi zilizosimama? Zile za kuitiwa mahakamani? We dada, wataka meza au wataka kufungwa?"

Alibisha mpaka adhana ya adhuhuri ikalia. Tulipofika na barua mpya, orodha ya waliopata ilikuwa imeshabandikwa mlangoni. Mama akauza mikate chini, juani, mwaka mzima.

Kwa miaka nilimlaumu Bi Riziki, kisha karani. Baadaye ndipo nikasikia kwamba kabla ya kompyuta Bi Riziki alikuwa akiwaandikia watu barua kwa mkono wake, na aliona vibaya kumpa mtu karatasi kavu ya mashine. Yeye alikosea kwa huruma, karani kwa haraka. Aliyejua namna ya kumthibitishia karani ni mimi peke yangu, nami nilinyamaza. Na mama, natambua sasa, aliniona kuwa najua.

Nanyi mliowahi kumeza neno lililokuwa likihitajika, niandikieni. Ila tafadhalini, si kwa herufi zile.