Iulize Programu Kwao ni Wapi

Sogeza kiti unisikilize, wewe uliyekabidhiwa seva ya watu juzi. Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha kompyuta cha hospitali moja hapa Machakos, Mkuu wa Kitengo alinipeleka moja kwa moja mbele ya seva, ile kompyuta inayohudumia wadi zote. "Hii ndiyo inaambia wauguzi mtoto apewe dawa kiasi gani," akasema. "Ikikosea, si wewe utaumia."

Mkuu huyo alikuwa mama wa Masii, na alikuwa na desturi yake. Mgeni akiingia ofisini, kabla ya jina aliulizwa kwao ni wapi. Nilijibu Katelembo. Akaridhika, tukaanza kazi.

Kazi yetu ilimtegemea msimamizi wa vifurushi. Jina lisikutishe. Programu kubwa hujengwa kwa vipande vidogo vilivyoandikwa na watu mbalimbali, na kila kipande huitwa kifurushi. Msimamizi ni programu inayovileta, kuvipanga na kuamua kipi kitumike. Kifurushi kimoja chaweza kuwapo kwa hali mbili. Kuna toleo lililosakinishwa, yaani lililowekwa kwenye mashine, ambalo limekamilika na kupewa namba. Hilo ni muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, uliokwisha pakuliwa. Kuna pia toleo la maendeleo, yaani folda ambayo mwandishi wa programu bado anaifanyia kazi, kama mpishi anayeonja na kuongeza chumvi. Akitaka kuonja, humwambia msimamizi, "Kifurushi hiki kichukue kwenye folda yangu." Msimamizi huweka kiungo cha kuelekeza huko.

Sasa, Sista, muuguzi mkuu wa wadi ya watoto, alikuwa ametuambia kwamba kwa watoto wachanga walio wepesi sana, skrini ilitoa kipimo kikubwa kuliko hesabu yake ya kalamu. Mutua, mwandishi wetu wa programu, alirekebisha kosa kwenye laptop yake, na toleo jipya likasakinishwa kwenye seva. Kesho yake asubuhi Sista akarudi.

"Hii kitu yenu bado inanipa ile namba ya jana. Mimi nitapiga hesabu kwa mkono, sawa. Na yule muuguzi mgeni anayeingia mchana? Yeye anaamini skrini."

"Haiwezekani, Sista," Mutua akasema. "Toleo jipya liko na namba kubwa. Kubwa inashinda ndogo."

"Basi njoo umwambie mtoto hivyo."

Mkuu akafunga mlango. "Hakuna wa kwenda chai. Mutua, mgeni akiingia hapa, huwa namuuliza ana miaka mingapi?"

"Hapana, Madam."

"Namuuliza nini?"

"Kwao ni wapi."

"Haya. Iulize hiyo."

Mutua akaandika amri inayoitaka programu itaje folda ambamo kifurushi kimesomwa. Jibu lilipotokea, tuliinama sote. Halikutaja ghala la vifurushi vilivyosakinishwa. Lilitaja folda ya Mutua mwenyewe, humo humo kwenye seva, yenye hesabu ya zamani, ambamo aliwahi kufanyia majaribio na kuacha kiungo. Toleo jipya lilikuwapo, tena limekaa vizuri ghalani, lakini msimamizi alikuwa akitii kiungo. Hakulinganisha namba hata kidogo.

Sista akacheka. "Kumbe inakula kwako na kulala kwako, Mutua! Na unatuambia haiwezekani!"

"Nipeni dakika moja," Mutua akasema, "nirekebishe hapo hapo kwenye folda."

"Hapana," Mkuu akajibu. "Leo itapona. Kesho utaonja kitu kingine, na mtoto wa mtu atakunywa ulichokuwa unaonja. Kata kiungo."

Mutua akakikata, akaiwasha programu upya, akauliza tena. Safari hii njia iliishia ghalani. Sista aliingiza uzito wa mtoto mwepesi kuliko wote wadini, akalinganisha na hesabu yake ya kalamu, namba zikalingana, kisha akatuambia tusiishie hapo. Tulizunguka wadi zote, tukiijaribu kila skrini, na yule muuguzi mgeni alipoingia zamu alikuta namba sahihi.

Baadaye nilihamishiwa Kithimani, kisha Masii, chini ya wakuu wengine, wapole na wakali. Kila nilikofika nilikuta vijana hodari wakigombana juu ya namba za matoleo. Sikuwalaumu, wala sikulaumu kiungo. Kwenye mashine yako mwenyewe kiungo ni msaada. Bila hicho ungebadilisha folda yako kutwa nzima na usione tofauti. Mahali pake ni hapo tu.

Sasa nimestaafu, nalima, na bado vijana hunipigia: "Niaje mzee, nimesakinisha lakini haibadiliki." Nafurahi wakipiga, maana anayeuliza hajakata tamaa. Nawe utaweza. Kabla hujamwambia mtu kwamba kazi imekwisha, keti kwenye mashine anayoitumia yeye, iagize programu itaje folda kilikosomwa kifurushi, na uisome njia hiyo mpaka neno la mwisho. Ukikuta jina la mtu badala ya ghala, kata kiungo, iwashe upya, kisha uliza tena.