Kamera Niliyosema Ni ya Ndege

Mama yangu alipofariki kwetu Singida, nilikuwa na mwaka wa tatu Mtwara, nafanya kazi ya masijala katika ofisi moja ya serikali. Nilifika msibani siku moja baada ya maziko. Wadogo zangu walikuwa wanatafuta picha yake nzuri ya kuweka sebuleni, na wote wakanigeukia mimi, mtoto wa kwanza. Nikafungua simu. Kulikuwa na picha za barua, za vitambulisho, za kurasa za rejista ambazo mkuu wangu wa kazi alitaka nimtumie. Ya mama ilikuwepo moja tu: amegeuka, anaingia jikoni, kichwa kimekatwa nusu. Mwishowe walikuza ile ya kadi yake ya kupigia kura.

Nikarudi Mtwara nimeamua kununua kamera. Sikuweza kueleza kwa nini, maana niliyetaka kumpiga picha hayupo tena. Lakini wazo lilikuwa limeniganda.

Mjini kuna duka dogo la mtu mmoja wa makamo ambaye zamani alikuwa na studio ya picha za pasipoti. Simu zilipomharibia biashara, akabaki kusafisha picha za watu na kuuza kamera zilizotumika. Aliniwekea mbili juu ya kioo cha meza.

"Hii ndogo," alisema, "unaiwasha, unaelekeza, unabonyeza, basi. Inaingia hata kwenye mkoba. Ila mtu akiwa mbali haimpati vizuri. Hii kubwa lenzi yake inatoka, unaweka nyingine. Ukiweka hii ndefu, mtu yuko kule kwenye mnara wa simu unamwona mpaka vifungo vya shati. Lakini ni nzito, na ina mambo mengi ya kujifunza."

"Ipi nzuri?"

"Zote nzuri, mama. Inategemea unampiga nani."

Alisema hivyo kawaida tu, kama muuza viatu anavyouliza unavaa namba ngapi. Nilisimama pale nikijifanya naangalia mkanda wa ile kubwa, huku naona aibu inanipanda shingoni.

"Ndege," nikasema.

"Ndege wa porini?"

"Ndiyo. Wa kule Ruvuma inakoingilia baharini."

Sikuwa nimewahi kufika huko hata siku moja.

Akaniomba nisogee mlangoni kwenye mwanga ili anijaribishie. Akanipiga kwa ile ndogo, akanionyesha. Nilimwona mwanamke wa miaka hamsini kasoro, amebana mkoba kifuani kwa mikono miwili kama yuko kwenye foleni ya hospitali. Tangu nipigwe ile ya kitambulisho cha kazi, hakuna mtu aliyekuwa amenipiga picha.

"Nifute?" akauliza.

"Futa."

Nikamwomba wiki moja ya kufikiri. Jumapili nilikaa mezani na karatasi, nikataka kuandika majina ya watu nitakaowapiga picha. Nilimwandika jirani yangu wa ukuta mmoja, kisha nikakumbuka kwamba sijawahi kuvuka kizingiti chake, na yeye hajawahi kuvuka changu. Nikamwandika mwenzangu wa ofisini, nikamkata. Muuza nyanya sikumjua hata jina, niliandika "wa nyanya", nikamkata naye. Ile kamera ndogo ingenilazimu nisimame hatua mbili mbele ya mtu, nimwambie naomba nikupige picha, aulize ya nini, nami nijibu. Ndege hawaulizi kitu. Jumatatu nikaenda kuichukua kubwa, pamoja na lenzi yake ndefu.

Na kwa kuwa nilishasema ndege, nikaenda kuwatafuta. Kila Jumamosi nilipanda gari la asubuhi la Madimba, kisha bodaboda hadi kijiji kimoja karibu na mdomo wa mto. Mwendesha bodaboda akinishusha nilitembea peke yangu hadi kwenye mikoko, nikatandika khanga juu ya mizizi iliyokauka, nikakaa. Siku ya kwanza nilipiga yangeyange ishirini, wote wametoka kama matone ya chokaa. Siku ya pili nilijifunza kutulia, nikampata korongo mmoja vizuri kabisa, mguu mmoja juu. Nilifurahi, nikageuka kumwonyesha mtu. Nyuma yangu kulikuwa na kaa wadogo tu.

Maji yakipwa, wanawake walishuka kwenye matope kuokota kome. Walikuwa mbali sana, kwa macho ni vitu vyekundu na vya njano vinavyoinama na kuinuka. Jumamosi ya tatu nikaielekeza lenzi kwao, kwa kujaribu tu. Ndani ya lenzi mmoja akaja mpaka puani kwangu. Alikuwa wa umri wa miaka thelathini na kitu, amejifunga khanga ya njano kiunoni, na alikuwa anacheka. Akicheka alikuwa anampiga mwenzake begani kwa mkono wenye tope. Sikusikia sauti, niliona meno tu. Nikabonyeza.

Kuanzia siku hiyo ndege waliruka bila mimi kuwatazama. Nilimtafuta yeye. Nilijua anaanza kuokota upande gani, nilijua akichoka anaweka mikono kiunoni na kutazama ng'ambo, upande wa Msumbiji. Jioni nikirudi Mtwara nilikaa na sahani yangu ya ugali na kumpitia kwenye kioo kidogo cha kamera, picha baada ya picha. Nakiri kwamba nilianza kusema naye. Nilimwambia leo umevaa viatu, leo mwenzako hayupo. Sikuona kama ni vibaya. Niliona kama nina mtu wa Jumamosi.

Jumamosi moja nilikuwa nimeinama nafuta kioo cha lenzi, nikasikia miguu inachomoka kwenye tope. Kuinua uso, ni yeye, na ndoo yake mkononi.

"Wewe mama, wewe mtu wa gesi?"

"Hapana."

"Wa kupima ardhi?"

"Hapana, dada. Nakuja kupiga ndege picha."

"Sisi wiki zote hizi tunaona kitu kinang'aa huku kwenye mikoko. Wenzangu wanasema tunapimwa, tutahamishwa. Wawili hawashuki tena kuokota, wanaogopa." Akanyoosha mkono. "Nionyeshe hao ndege."

Ningeweza kusema betri imekwisha. Lakini nilikuwa nimemzoea uso, na nikajikuta nampa. Nilimwonyesha pa kubonyeza. Alipita yangeyange, akampita korongo, kisha akajiona. Akabonyeza tena, akajiona. Aliendelea hivyo muda mrefu, maji yanatiririka toka kwenye khanga yake, mimi natazama vidole vyake kwa sababu usoni sikuweza.

"Hapa nimeinama," alisema taratibu. "Hapa najifunga nguo. Mama, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Sasa mbona hata salamu hukunipa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sina mtu Mtwara, kwamba alikuwa anacheka na mimi nilipenda kumwona mtu anacheka. Maneno yalipotoka yalinitia aibu kuliko zile picha.

Hakusema pole. Aliketi kwenye ncha ya khanga yangu, akasema, "Futa. Nione."

Nikafuta moja moja, yeye akitazama. Tulipofika kwenye ile ya kwanza, ya kumpiga mwenzake begani, akaushika mkono wangu.

"Hiyo acha. Huyu dada yangu. Ameolewa ng'ambo, amevuka na mtoto wake mwezi uliopita. Sina picha yake." Akaikazia macho. "Unaweza kuitoa kwenye karatasi?"

"Naweza. Jumamosi ijayo nakuletea."

Akasimama, akachukua ndoo. "Ukija, pitia kule mbele, tunakokaa watu. Usipitie huku."

Jumatatu nilirudi dukani. Nilisafishiwa nakala mbili za picha ile, yake na ya dada yake, kisha nikaweka kamera kubwa juu ya kioo cha meza na kumwomba mwenye duka anibadilishie na ile ndogo.

"Ndege wamekushinda?"

"Wamenishinda."

Aliniambia hasara itakuwa yangu, nikakubali. Ile ndogo ilikaa kwenye kiganja, nyepesi kama kopo la mafuta ya mgando.

Jumamosi nikapitia mbele. Wanawake sita walikuwa wanachambua kome chini ya paa la makuti. Nikaamkia, nikaamkiwa. Yeye hakuwepo. Mwanamke mzee kuliko wote, ambaye ni mama mkwe wake, aliniambia mtoto wa dada yake ameugua kule ng'ambo, naye amevuka na mtumbwi asubuhi kwenda kusaidia, na hakuna ajuaye atarudi lini. Nikampa bahasha. Akatoa picha moja, akaizungusha kwa wenzake, wakasemezana Kimakonde, wakacheka, nami nikatabasamu bila kuelewa.

"Tupige na sisi," mmoja akasema.

Nikasogea. Ilibidi nipige magoti kwenye maganda ili wote waenee. Mmoja alifumba macho, mwingine alificha mdomo, na kidole changu kilitokea pembeni. Nilirudia mara tatu.

Niliendelea kwenda kila Jumamosi, na yule wa khanga ya njano akarudi baada ya miezi miwili. Aliniamkia, akaniuliza habari za mjini, akaendelea na kazi yake. Hatukuwa marafiki, na sikumwomba picha, naye hakunipa nafasi ya kumwomba. Nilielewa. Ila siku hiyohiyo nilipokuwa naondoka alinitilia kome kwenye mfuko wa plastiki, wengi, bila kuniuliza ninaishi na wangapi.

Niliwachemsha, nikawaunga kwa nazi. Walikuwa wa kutosha watu wanne. Nilikula nilivyoweza, kisha nikasimama muda mrefu jikoni na bakuli la waliobaki, nasikiliza upande wa pili wa ukuta jirani yangu akisonga ugali. Nikafunika bakuli kwa sahani, nikatoka nje, nikabisha hodi. Alifungua mlango nusu, mwiko mkononi, akanitazama kwa mshangao. Akapokea bakuli, akasema asante. Tukasimama hivyo, mimi nje yeye ndani, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme neno la pili.