Kadi Iliyokwenda na Afande

Ofisi yetu pale Wandegeya ilikuwa na kompyuta moja, kubwa kama nyumba ya vyumba vitatu, na kwa joto lake ungeweza kuivisha matoke. Mimi nilikuwa nimehitimu masomo ya usiku juzijuzi tu, basi nikajiona nusu ya mashine ni yangu. Siku hizo programu haikuonekana kwenye kioo. Iliandikwa kwa kadi zilizotobolewa, kila mstari na kadi yake, sanduku zima. Mashine ikikosana nayo, ilikutapikia karatasi ya makosa, kila kosa na namba ya mstari wake, nawe ukaanza kuitafuta kadi hiyo sandukuni kwa vidole.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunatengeneza orodha ya mgao wa sukari kwa kambi ya jeshi. Karatasi ya makosa ilitoka ndefu, ukiivuta ingefika Mulago, ikazunguka Bukoto na kurudi. Afande aliyetumwa kuisubiri orodha aliitazama, akamgeukia mkubwa wangu.

“Mzee, makosa yote hii? Hii ni hujuma. Twende kwa gari.”

Sote tulijua gari lile lililongoja nje halikuwa na desturi ya kurudisha watu.

“Afande, tupe nafasi moja,” mkubwa akasema, kwa sauti ya mtu aliyeishiwa usingizi tangu mwaka uliopita. Kisha kwangu: “Kijana, la kwanza tu. Hayo mengine ni watoto wake.”

Nilisoma kosa la juu kabisa, nikapekua sanduku hadi namba yake. Kadi iliyolitambulisha ghala la sukari kwa mashine ilikuwa imewekwa kichwa chini. Mashine haikuielewa, kwa hiyo kila ghala lilipotajwa huko mbele ikalalamika kuwa hailijui. Nikaigeuza. Umeme ukakatika. Tukasubiri, mikono magotini, afande naye kwenye kiti. Ukarudi. Tukaanza upya.

Safari hii ikatoka orodha yenyewe, safi.

Afande akakunja uso. “Makosa ingine imekimbilia wapi?”

“Hayakukimbia, afande. Yote yalitoka kwa kadi moja.”

“Gani?”

Nilimwonyesha. Akaichomoa, akayakagua matundu yake, akaitia mfukoni mwa shati na kufunga kifungo.

“Basi huyu nakwenda na yeye.”

Gari likaondoka bila mkubwa wangu. Hakuna aliyecheka, hata kucheka kunataka nguvu. Mkubwa alivua miwani, akalaza kichwa juu ya sanduku.

“Toboa nyingine,” akasema, macho kafumba. “Toboa mbili. Moja ya mashine, moja ya afande akirudi.”