Kabichi Badala ya Slesi

Mtu aliyeuza nyanya Ilula kwa miaka kumi na tisa hafundishwi kusoma sura ya mteja. Basi linasimama dakika tatu. Madirisha yanafunguka, na ndani ya dakika hizo lazima ujue nani ananunua, nani anauliza bei kupitisha muda, na nani anataka ndoo nzima ila anamwogopa mkewe aliyekaa pembeni. Verediana alijua. Wenzake walikimbilia kila dirisha. Yeye alikwenda mawili tu, na akarudi na ndoo tupu.

Chakula chake cha mchana alikula amesimama. Mkono wa kulia ulikula, wa kushoto ulibaki kwenye ndoo. Ugali ungemtaka akae chini, anawe, awe na bakuli la mboga, na katika muda huo mabasi mawili yangepita. Kwa hiyo alizungushia yai la kuchemsha na nyanya ndani ya jani la kabichi, akang'ata, akamaliza, akapangusa mdomo. Ugali aliula jioni nyumbani kama binadamu wengine. Hakuona kama amebuni kitu.

Aliyeona ni Sosthenes, msimamizi wa ofisi moja ya pembejeo pale Ipogolo, Iringa mjini. Alisimamisha gari Ilula siku hiyo akitoka kwa mawakala wake.

"Kamwene, bosi," Verediana akamsalimia kwa Kihehe. "Nyanya ngumu hizi, zinafika popote unapokwenda."

"Kamwene, dada. Nipe ndoo ndogo. Hicho unachokula ni nini?"

"Chakula."

"Naona ni chakula. Kina unga ndani?"

Verediana akachungulia garini. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na slesi mbili za mkate zilizobana yai, zimeng'atwa mara moja tu kisha zikafungwa tena kwenye mfuko. Mtu mwenye njaa haachi mkate namna hiyo.

"Hakina unga," akasema. "Daktari?"

"Jana. Kaniambia nipunguze mkate, wali, ugali, viazi, chapati. Nikamuuliza, sasa nile mbolea? Maana ndiyo ninayouza."

Verediana akampa kabichi lake la pili, lile alilokuwa amejiwekea la saa tisa. Sosthenes akalila palepale, mkono mmoja kwenye usukani. Halikumwagika wala kuchafua shati. Akataka amletee kila siku ofisini.

"Kwa mtu mmoja siwashi moto," Verediana akasema. "Ofisini mko wangapi?"

"Kumi na wawili. Wenye sukari tuko watano, waliobaki wana vitambi tu."

"Na wote mnakula slesi?"

"Wote. Hatuna jiko, na nusu ya siku tuko barabarani. Slesi haina usumbufu."

"Basi nawalisha wote kumi na wawili, au siji kabisa."

Walivutana mpaka nyanya zikasahaulika. Sosthenes naye alikuwa mfanyabiashara, hakukubali kubebeshwa hivihivi. Mwishoni wakaafikiana mwezi mmoja wa majaribio. Ofisini kulikuwa na kipimo cha sukari, na kila Jumatatu asubuhi wale watano walikuwa wakijipima. Mwezi ukiisha na namba ziko palepale, slesi zinarudi na Verediana anakwenda zake.

Kwenda wapi ndilo lilikuwa swali, na yeye alilijua kabla hajakubali. Kando ya barabara ya Ilula nafasi haikai wazi hata nusu siku. Aliondoka Jumamosi, Jumatatu Yusta, muuza nyanya mwenzake, alikuwa amesimama palepale, penye kivuli na mteremko unaolazimisha mabasi kupunguza mwendo, na hakuna ambaye angemtoa. Lakini magoti ya Verediana yalikwisha kumwambia kwamba miaka ya kukimbilia madirisha imebaki michache. Akapanga chumba Ipogolo, chenye ukumbi mdogo wa kupikia.

Kilichofuata ni kazi. Yai na nyanya haviwezi kuliwa na watu kumi na wawili siku ishirini na mbili bila mtu kuanza kununa. Akalijifunza jani la kabichi kama fundi anavyojifunza mbao: unachonga ule mshipa mnene wa katikati uwe sawa na jani lenyewe, unalitumbukiza kwenye maji yanayochemka na kulitoa kabla hujamaliza kumsalimia jirani, kisha unalikausha kwa kitambaa. Jani lenye maji hufunguka njiani. Ndani akaweka nyama ya kusaga aliyoikaanga na tangawizi mpaka ikakauka. Siku nyingine alikaanga mayai membamba kama chapati na kukunjia kuku aliyechambuliwa na parachichi la Rungwe, akilikamulia ndimu lisiwe jeusi. Bilinganya alizikata vipande vinene, akazichoma kwenye chuma bila mafuta mengi, akazibananisha mbilimbili na samaki katikati, mahali pa slesi. Pilipili hoho zikapokea dagaa wa karanga. Kila kimoja alikifunga kwa karatasi, nusu, ili mlaji aanzie upande ulio wazi na karatasi imlinde vidole.

Na juu ya kila kifurushi aliweka kikopo kidogo cha mchuzi wa nyanya.

Hicho hakikuwemo kwenye makubaliano. Ila mtu wa Ilula hawezi kukuuzia fungu akakuacha uondoke hivyo. Mkishapatana bei anatupia nyanya mbili juu, na usipotupia, jina lako linafika Dar es Salaam na basi la asubuhi. Mchuzi ulikuwa nyongeza yake. Nyanya zilizoiva kupita kiasi hazikosekani, kitunguu kipo, chumvi ipo. Alivipeleka vikopo kumi na viwili kila siku, na kila jioni karibu vyote vilirudi vimepanguswa safi, hata kuviosha ilikuwa kama kuonea sabuni. Verediana alivitazama akajipa heko.

Sifa zilikuja nyingi. Budeba, mtunza stoo, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu, kule Mbarali, na ng'ombe wao, alisema hajawahi kula mboga za hivyo tangu atoke kwao. Verediana akaipokea sifa bila kuichunguza. Hapo alikosea, maana mtu wa biashara sifa pia huzigeuza chini juu kuona kama zina doa.

Jumatatu ya tatu Sosthenes alimwita.

"Dada Verediana, kaa. Namba zangu zimeshuka. Nilianza na kumi na moja, leo nimesoma nane."

"Afadhali."

"Lakini mimi nimeongezewa na dawa, sijihesabu. Hawa wanne wengine hawajasogea hata nukta. Budeba ndiye amepanda kabisa. Imebaki Jumatatu moja. Sisemi chakula chako kibaya, ni kitamu mno. Ila sisi hatukukuita kwa sababu ya utamu."

"Umesikika, bosi."

Alitoka na vikopo vyake ndani ya kikapu. Njiani hakulalamika, alifikiri. Chakula kimoja, mikono ileile imekikunja. Mmoja ameshuka, wanne wamegoma. Sosthenes wiki mbili hizi alikuwa hakai ofisini. Alizunguka Mafinga, Makambako, hadi Mbeya, akila garini. Wale wanne walikula ofisini. Basi ofisini kuna kitu ambacho garini hakipo.

Alipofika nyumbani akavimwaga vikopo kwenye karai. Kumi na kimoja vilikuwa vikavu kabisa. Cha Sosthenes, alichokiacha ofisini, kilikuwa kimejaa mchuzi hadi mfunikoni, kama kilivyotoka asubuhi. Garini mtu atachovya nini, na mkono mwingine uko kwenye usukani?

Akakiokota kikopo kimoja kikavu akakizungusha mwangani. Ulimi hauwezi kufika kwenye pembe za chini. Kidole hakikaushi namna ile. Nyumbani kwao kulikuwa na kitu kimoja tu kinachopangusa bakuli likabaki hivyo.

Kesho yake alipeleka chakula kama kawaida, akaaga, akaenda kukaa kwenye benchi la fundi viatu ng'ambo ya barabara. Saa saba na robo akavuka tena na kuingia moja kwa moja stoo.

Budeba na wale wenzake watatu wenye sukari walikuwa wamekaa kuzunguka katoni la mbegu lililogeuzwa meza. Katikati kulikuwa na sinia la ugali, mvuke unapanda. Kabichi zake zilikuwa zimefunguliwa, nyama imemwagwa kwenye sahani, majani yamechanwachanwa pembeni, na mchuzi wa vikopo vinne umekusanywa kwenye bakuli moja.

"Dada Vere," Budeba akasema bila kushtuka hata kidogo. "Umekuja na baraka. Nawa, karibu."

"Mnakula nini hapo?"

"Si mboga yako hii."

"Budeba, mdogo wangu, mimi nilipewa kazi ya kuleta chakula."

"Na umeleta, tunashukuru. Sasa kitashukaje bila ugali?"

Wenzake wakacheka, lakini si kwa kumcheka. Kwao lilikuwa swali la kweli.

"Daktari alikwambiaje kuhusu ugali?"

"Nipunguze. Nimepunguza. Zamani nilikula slesi saa saba, halafu ugali saa tisa. Slesi nimeacha kabisa, muulize bosi." Akakata tonge. "Hivi ni vitonge viwili vitatu tu vya kusindikizia mboga."

Verediana akalitazama sinia. Vitonge vitatu vya Msukuma huyu vingejenga kichuguu.

"Mnautoa wapi?"

Budeba akaelekeza kidevu kwenye dirisha la nyuma. Nje, bati moja la uzio lilikuwa limelegezwa misumari, na upande wa pili palikuwa na kibanda cha mama lishe aitwaye Joyness. Verediana akapita palepale kwenye bati, akamkuta anasonga sufuria ya pili.

"Wewe ndiye wa mboga za kukunja?" Joyness akamuuliza kabla ya salamu. "Umeniharibia. Walikuwa wananunua ugali na maharage, na nyama siku ya mshahara. Siku hizi wanachungulia hapo, wanaomba ugali mtupu, wanarudi kwako kula."

"Na nikikuomba usiwauzie?"

"Niwanyime watu ugali? Iringa hii?" Joyness akageuza mwiko. "Sikia, mwenzangu. Ugali mtupu haununuliwi na mtu asiye na kitu cha kuchovya. Mimi sijawaita. Anayewaita ni wewe, na mchuzi wako."

Miaka kumi na tisa, hakuna mtu aliyemwambia Verediana kwamba nyongeza inaweza kumdhuru anayeipokea. Lakini hesabu ilikuwa wazi, na hakuwa mtu wa kubishana na hesabu. Akamshukuru Joyness, akamwambia aanze tena kupika maharage, maana ugali mtupu hautanunuliwa tena.

Siku iliyofuata vikopo vilibaki nyumbani.

Hakuishia hapo. Nyama ya kusaga, ambayo mtu angeweza kuimwaga kwenye sahani, aliitoa kabisa. Wiki hiyo yote ikawa mayai yaliyokunjiwa kuku na parachichi na ndimu, na hoho zenye dagaa wakavu, na zile bilinganya za kubananisha. Vitu vikavu, baridi, vyenye uchachu, vinavyoshikana. Akaongeza ukubwa ili asiwepo wa kusema amebaki na njaa. Huo aliuhesabu kuwa ni ujazo, si nyongeza, na hakutaka kubishana na mtu kuhusu hilo.

"Dada Vere umebana siku hizi," Budeba akamwambia Alhamisi, mbele ya watu. "Mchuzi uko wapi? Wahehe sasa mmeanza uchoyo."

Neno hilo lilimpata. Barabarani mtu angemwita mwizi akavumilia, lakini uchoyo ni jina linalofukuza wateja. Akajaribu kutabasamu.

"Kula hivyohivyo."

"Jana nilijaribu na ugali. Parachichi na ndimu na ugali, dada yangu, vinagombana mdomoni. Tonge likakwama hapa." Akagusa koo. "Nikampa fundi viatu."

"Na mayai yenyewe je?"

"Niliyamaliza yote, ningefanyaje? Nilikuwa na njaa."

"Ulishiba?"

Budeba akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa kitu cha kitabuni. "Nilishiba. Lakini sikula."

Jumatatu ya mwisho Verediana aliingia ofisini saa tatu, amevaa gauni lake la kanisani. Sosthenes alikuwa na karatasi mezani.

"Mimi saba na nusu," akasema. "Budeba alikuwa kumi na mbili, leo kumi. Na yule dada wa mapokezi ameshuka kidogo. Wawili waliobaki wako palepale."

"Wameshuka watatu, basi."

"Watatu kati ya watano. Tulisema namba zishuke, dada Verediana. Sijasikia tukisema nusu yake."

"Tulisema zishuke. Hatukusema za wote, na hatukusema kwa kiasi gani. Halafu hao wawili wana wiki moja tu ya kula chakula changu, bosi. Zile tatu za kwanza walikula ugali na mboga yangu. Budeba ni mkweli, muulize."

Sosthenes akaita. Budeba akaja, akaulizwa, akakiri kila kitu mpaka bati lililolegea, akaongeza kwamba ugali wenyewe ulikuwa mzuri. Sosthenes akajishika paji la uso. Alikuwa anacheka.

"Mwezi mwingine," akasema.

"Miezi mitatu. Mwezi mmoja nimeshapoteza kwa ajili ya uzio wenu."

"Miwili. Na bati linapigiliwa leo."

"Miwili na nusu, na bati liacheni. Mkilipigilia watazunguka getini, na huko siwezi kuwaona."

Sosthenes akaikunja karatasi ya namba. "Haya, miwili na nusu. Utaanza lini? Chukua siku mbili upumzike, uanze Alhamisi."

"Naanza leo," Verediana akasema, akainama kuchukua kikapu alichokuwa amekiacha mlangoni. "Bilinganya zimeshachomwa."